Anza na usichoweza kutengeneza: amu za mbele za bagi letu

Bagi letu, gari jepesi la kukimbilia porini, lilikuwa na tabia moja iliyonikosesha usingizi. Kila gurudumu la mbele lilipopanda tuta, usukani uligeuka wenyewe mikononi. Kwenye lami hukuona kitu. Ukiingia barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka, yenye mawimbi na makorongo yanayokata njia, unapigana na usukani mpaka mabega yanawaka moto. Tulilinunua likiwa limeshaundwa: fremu ya mabomba, viti viwili, injini ya Corolla na gia boksi yake vimehamishiwa nyuma, na mbele amu za Hiace, yaani mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na fremu, zilizokatwa katikati kisha zikarefushwa kwa vipande vya bamba. Siku moja tulipokuwa tunaosha matope, niliona ufa kwenye kiungo cha bamba la amu ya chini kushoto. Ulikuwa umekula karibu nusu ya upana. Kwa amu hiyo hiyo tulikuwa tumetoka Engaruka tukikimbia.

Tukaamua kutengeneza amu za mbele upya. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye mashine ya kuchomelea, hamu kubwa na fedha kidogo, kwa sababu tulipokuwa tunatafuta mtu wa kutuelekeza, kila fundi alituzungumzia nguvu tu: weka bomba nene, ongeza bamba, ongeza nondo. Nguvu ina nafasi yake, nitaifikia. Lakini bagi lile halikuwa linatupiga mikono kwa kukosa nguvu. Vituo vyake, yaani mahali amu na tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) zinapoegemea, vilikuwa vimepangwa ovyo. Ungeweza kutumia chuma cha reli na usukani ungeendelea kugeuka wenyewe.

Seti ya kwanza ya amu mpya haikuwahi kugusa ardhi. Tulimpa fundi bomba na urefu, akachomelea juu ya sakafu ya saruji kwa kukadiria kwa macho. Zilipopoa zilikuwa zimejipinda, na ya kulia haikulingana na ya kushoto. Shilingi laki tatu na nusu zilipotea hapo, nazo ziliniuma. Baada ya hapo tulisimama na kufikiri.

Tulichokubaliana ni hiki: mbele ya gari kuna vitu unavyoweza kutengeneza gereji na vitu usivyoweza. Amu, masikio ya kushikia amu na bushi, unaweza. Nako, yaani kile kipande kizito kinachobeba habu, beringi na breki, huwezi. Boljointi, kile kifundo cha duara kinachounganisha amu na nako, huwezi. Raki ya stelingi, inayosukuma tairodi unapozungusha usukani, huwezi. Vinatoka kiwandani vikiwa vimefuliwa na kupimwa, na maisha ya watu yananing'inia juu yake. Kwa hiyo chagua kwanza hivyo usivyoweza, vifunge mahali pake, halafu vile unavyotengeneza mwenyewe vivifuate. Aliyetangulia kuunda bagi letu alikwenda kinyume: alirefusha amu kwanza, kisha akatafuta raki yoyote inayoingia.

Nako tulibakiza za Hiace. Hiace inabeba abiria kuanzia alfajiri hadi usiku, na ikijaa inapita tani mbili; bagi letu lina kama kilo 700. Zaidi ya hapo, boljointi, beringi na diski zake utazipata mji wowote unaoufahamu, hata siku ambayo maduka mengine yamefungwa.

Wenzetu wa California walifuata njia nyingine. Bruce Meyers, aliyeunda bagi la Meyers Manx mwaka 1964, alitumia sehemu ya mbele ya Volkswagen Beetle kama ilivyotoka kiwandani: mabomba mawili yamekingama upana wa gari, ndani yake springi za kujipinda, na amu fupi zinazoelekea nyuma. Mwaka 1967 gari la aina hiyo lilishinda mbio za kwanza za jangwani za Mexican 1000, kule Baja. Kama ungeniambia leo kwamba kuna sehemu hiyo nzima, haina kutu, inauzwa Arusha kwa bei ya kueleweka, ningekushauri uinunue na uache kusoma hapa. Sisi hatukuipata.

Kabla ya kununua bomba tena, tulichora. Bagi liliwekwa juu ya stendi, likasawazishwa kwa pimamaji, springi zikatolewa. Tulishusha timazi kutoka kila egemeo na kila boljointi mpaka sakafuni, tukaweka alama kwa chaki. Kisha vipimo vilihamishiwa kwenye plaiwudi kubwa iliyosimamishwa ukutani, kwa ukubwa halisi. Amu tulizitengeneza kwa vipande vya mbao, misumari ikiwa maegemeo. Ukisukuma ubao wa nako juu na chini unaona kwa macho gurudumu linavyolala. Gharama yake ni plaiwudi na misumari, na ubao huo ulitufundisha zaidi ya kitu kingine chochote katika kazi nzima.

Ubao ulituonyesha kwa nini amu ya juu inapaswa kuwa fupi kuliko ya chini. Zikilingana, gurudumu linapanda likiwa wima, lakini gari likilala kwenye kona nalo linalala nalo, na tairi inakanyaga kwa ukingo wa nje. Ya juu ikiwa fupi, gurudumu linapopanda kichwa chake kinavutwa ndani, na tairi inabaki imekaa sawa ardhini. Yetu ya juu ni kama asilimia 80 ya urefu wa ya chini. Halafu ukitazama gari kwa ubavu, boljointi ya juu inatakiwa iwe nyuma kidogo ya ile ya chini. Mteremko huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Wa zamani ulikuwa karibu na sifuri, ndiyo maana bagi lilitangatanga. Tuliuweka digrii 7, tukipima kwa programu ya simu ya kupima pembe.

Sasa tufike kwenye usukani wenyewe.

Gurudumu linapopanda, amu inachora duara kuzunguka egemeo lake, na tairodi nayo inachora duara lake kuzunguka kifundo chake cha ndani kwenye raki. Maduara haya yasipokwenda pamoja, tairodi inalazimika kuvuta au kusukuma nako, na gurudumu linageuka bila dereva kuomba. Kwetu, vifundo vya raki vilikuwa sentimita 5 ndani zaidi ya maegemeo ya amu, kila upande, tena chini kuliko inavyofaa. Kanuni ni kwamba ukitazama gari kwa mbele, chora mstari kutoka egemeo la amu ya juu hadi la chini. Kifundo cha ndani cha tairodi kikae kwenye mstari huo. Chora mwingine kutoka boljointi ya juu hadi ya chini; kifundo cha nje kikae karibu na mstari huo. Na tairodi yenyewe ielekee pale ambapo mistari ya amu mbili, ukiirefusha, inakutana.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mashine. Ukiwa umetoa springi na shokapu, funga kwenye habu ubao mnyoofu wa sentimita 60, uelekee mbele na nyuma kama gurudumu linavyoelekea. Vuta uzi wa mwashi kando ya gari, sambamba na mstari wa katikati ya fremu. Kaza usukani usisogee hata kidogo. Ukisogea, anza upya. Inua habu kwa jeki sentimita mbili mbili, na kila kituo pima kutoka kwenye uzi hadi ncha ya mbele ya ubao, kisha hadi ncha ya nyuma. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi gurudumu lilivyogeuka. Kwa amu za zamani, gurudumu likipanda sentimita 10 tofauti ilifika milimita 22. Hizo ni zaidi ya digrii mbili kwa gurudumu moja, na kwenye korongo magurudumu mawili hayapandi sawa, kwa hiyo kila moja lilikuwa linataka kwenda kwake.

Namba zenyewe zinakuambia ugonjwa. Kama gurudumu linageukia nje likipanda na ndani likishuka, au kinyume chake, tatizo ni kimo cha tairodi: inua au shusha raki. Kama linageukia upande ule ule likipanda na likishuka, tatizo ni urefu wa tairodi: kifundo cha ndani hakiko mahali pake. Sisi tulikuwa na yote mawili. Ipo njia ya kurefusha raki kwa vipande vya kukereza, lakini niliiogopa, kwa sababu chuma cha kipande hicho kikikatika huna usukani tena. Tulikata masikio ya zamani na kusogeza maegemeo ya amu ndani, yafuate raki. Amu zikawa ndefu zaidi, jambo ambalo pia liliongeza mwendo wa gurudumu juu na chini. Kimo tulikirekebisha kwa washa nene chini ya raki, tukapima, tukaongeza, tukapima tena. Tofauti ilishuka hadi milimita 2. Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko kuchomelea, na kama una haraka ya kupunguza kitu, usipunguze hiki.

Angalizo moja kwa anayenunua raki ya mtumba: uliza gari ilikotoka raki ilikaa mbele au nyuma ya ekseli. Raki iliyokusudiwa kukaa nyuma, ukiifunga mbele na mikono ya nako ikielekea mbele, unakata kulia gari linakwenda kushoto. Geuza uone kwa mkono kabla ya kuchomelea chochote.

Chuma. Bomba zuri tulilipata kwa kuagiza Gerezani, Dar es Salaam: lisilo na mshono, kipenyo cha milimita 38 kwa amu za chini na 32 kwa za juu, unene milimita 3 na nusu. Bomba lenye mshono linaweza kufanya kazi, lakini hakikisha unaujua mshono ulipo na usiuweke mahali panapovutwa zaidi. Bomba la maji la mabati usiliguse. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku ule ule, na maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayaondoi moshi huo mapafuni. Nondo nazo, ambazo kila gereji inazo pembeni, si za kuimarishia amu. Nyingi zinakuwa ngumu na rahisi kukatika pembeni mwa weldi, na kwa macho huwezi kutofautisha ipi ni ipi.

Bolti za kushikia amu ziwe na namba kichwani: 8.8 au 10.9. Isiyo na namba iache ishike bati. Sikio liwe pande zote mbili za bushi, bolti ishikwe kulia na kushoto. Bolti iliyoshikwa upande mmoja inajipinda kama msumari. Na sehemu inayobeba mzigo iwe ile laini ya bolti, nyuzi zibaki nje kwenye nati.

Bushi na vikombe vya boljointi alitukerezea mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ambaye mashine yake ni ya zamani kuliko mimi. Nilipompelekea mchoro aliutazama akauliza, "Kijana wangu, hapa kinachozunguka ni nini, bolti au bushi?" Sikuwa na jibu safi. Alinieleza kwamba bomba dogo la ndani ya bushi liwe refu kuliko bushi yenyewe kwa nusu milimita hivi. Ukikaza bolti, masikio yanabana bomba hilo dogo tu, na amu inabaki huru kuzunguka juu yake. Likiwa fupi, masikio yanabana bushi, amu inakwama, na kila korongo linapinda sikio kidogo kidogo mpaka linapasuka. Shikamoo nilizompa mzee yule tangu siku hiyo zina uzito wake.

Kuhusu rodi endi, vile vichwa vya duara vyenye nyuzi vinavyokuwezesha kurekebisha urefu: viweke upande wa ndani wa amu ya juu, vivutwe na kusukumwa kwa unyoofu. Nimeona watu wakiviweka nje, penye gurudumu. Huko breki ikishika, nyuzi zinapindwa badala ya kuvutwa, na hukatika pale pale zinapoingia kwenye amu. Vyetu vilitoka nje ya nchi, na pamoja na usafiri na ushuru vilikula karibu laki tisa. Vya bei ya chini nilivishika dukani vikicheza hata kabla ya kufungwa.

Seti ya pili ilichomelewa ndani ya jigi. Ni sahani ya chuma ya milimita 12 yenye nguzo fupi zilizochomelewa mahali pa kila egemeo, na bolti zinazoshika bushi na kikombe cha boljointi visihame. Ncha za bomba zilikatwa kwa umbo la mdomo wa samaki zikumbate bushi bila mwanya. Fundi alianza kwa nukta, akaenda kulia, akahamia kushoto, akaacha ipumzike, akarudi. Amu ilibaki imefungwa kwenye jigi mpaka ukaweza kuishika kwa mkono mtupu. Tuliomba kitu kimoja ambacho mwanzoni kilimshangaza: asimwagie maji. Kumwagia maji weldi ili ipoe haraka ni desturi ya gereji zetu nyingi, na ndiyo inayokigumisha chuma pembeni mwa weldi na kuzaa ufa ambao utauona miezi baadaye. Tulimwomba pia asisage weldi kwa grainda ili ipendeze. Unachokisaga ni nguvu yako.

Shokapu zilikuwa na somo lake. Za zamani zilishika katikati ya amu ya chini, ndipo ufa wetu ulipoanzia. Shokapu ikishika nusu ya amu, inabeba mara mbili ya mzigo wa gurudumu, na amu inapindwa katikati. Tulisogeza kishikio nje hadi saba ya kumi ya urefu. Lakini springi nayo hubadilika: ugumu unaoufikia gurudumu ni ugumu wa springi mara uwiano huo, mara uwiano huo tena. Springi inayotaka kilo 5 ili ibonyee milimita moja, ikiwa katikati, kwenye gurudumu ni kama kilo 1.25, kwenye saba ya kumi ni karibu kilo 2.5. Springi zetu zile zile zikawa ngumu maradufu, bagi likaruka kama mbuzi, na tulilazimika kununua laini. Piga hesabu hii kabla ya kununua, sio baada.

Tulipofunga kila kitu, usukani ulitulia. Siwezi kueleza furaha ile. Nilipita kwenye matuta ya Kisongo nikiwa nimeshika usukani kwa vidole viwili. Mdogo wangu akaomba zamu yake. Alipanda ukingo wa mtaro polepole, magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani, yalipotua nikasikia mlio wa chuma na nikaona gurudumu la kulia limelala chini ya gari. Shingo ya boljointi ya juu ilikuwa imekatika. Alitoka akitembea mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshindwa kusimama vizuri.

Amu ndefu zilikuwa zimempa gurudumu uhuru wa kushuka kuliko boljointi ya Hiace inavyoruhusu kuinama. Shingo ilikuwa inagonga ukingo wa kikombe chake kila gurudumu linaponing'inia, na hakuna kilichokuwa kinalizuia. Kwa hiyo, springi zikiwa zimetolewa, shusha gurudumu polepole huku ukitazama boljointi. Pale shingo inapokaribia kugusa, rudi nyuma sentimita moja na nusu, na hapo ndipo mwisho wa mwendo. Sisi tumefunga mkanda wa kufungia mizigo, uliokunjwa na kushonwa tabaka nne, kutoka fremu hadi amu ya chini. Kwa juu tumeweka mpira mnene unaogusana na fremu kabla shokapu haijafika mwisho. Shokapu isiwe ndiyo inayosimamisha gurudumu, juu wala chini. Na kila boljointi tuliyoiondoa siku ile tuliitupa, hata iliyoonekana nzima.

Gharama yote, pamoja na seti iliyopotea, ilipita milioni nne kidogo. Shokapu na springi zilichukua sehemu kubwa zaidi, kama milioni moja na laki nne, zikifuatiwa na rodi endi. Kazi ya kuchomelea ilikuwa laki nne na kukereza kama laki tatu. Bomba, watu wanaloliulizia kwanza, lilikuwa laki mbili na nusu tu.

Kila tukirudi kutoka porini tunaosha, tunakausha, tunapaka mafuta ya taa kwenye weldi za amu na masikio, tunafuta vizuri, kisha tunapaka chaki. Penye ufa mafuta yanarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Kila nati ina mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye sikio. Mstari ukikatika, nati imetembea. Mpaka sasa kinachochakaa ni bushi za nailoni za amu za chini, hasa baada ya vumbi laini la Engaruka. Tumechimba tundu la grisi kwenye kila bushi, na mzee wa Unga Limited anatukerezea jozi moja ya shaba ili tulinganishe.